Simu Tunazotuma Nyumbani: Zawadi au Mzigo?

Leo tunaomba ruhusa tuiweke siasa pembeni kidogo. Si kwamba imekwisha, la hasha! Siasa za kwetu haziishi. Lakini wanaotufahamu wanajua kwamba tuna ugonjwa mwingine wa siku nyingi, nao ni ugonjwa wa simu. Kila mwezi wa Septemba, kampuni ya Apple inapotangaza simu zake mpya, sisi huwa tumekaa mbele ya kompyuta kama watu wanaosubiri fainali ya Kombe la Dunia. Tunajua ukubwa wa betri za simu ambazo hatutazinunua maisha. Watoto wetu wanatucheka, na wana haki ya kucheka.

Basi leo tunataka kusema jambo moja tu kuhusu simu hizi, na tunalisema kwa sababu limetuuma sisi wenyewe.

Mwaka 2016, miezi michache baada ya kuondoka nyumbani kwa sababu ambazo wasomaji wetu wa siku nyingi wanazijua, tulimtumia mama yetu mzazi simu. Haikuwa mpya. Ilikuwa simu yetu wenyewe, tuliyoitumia miaka miwili, tukaifuta vumbi, tukaitia kwenye kava jipya na kumpa msafiri aliyekuwa anakwenda Tanga. Mama alikuwa na kitochi chake, kile cha kubonyeza, na hakutaka kuachana nacho. Lakini mwezi wa Novemba mwaka ule ule WhatsApp ikaleta simu za picha, na tangu siku aliyotuona usoni kwa mara ya kwanza, kitochi kikawa cha kumulikia uani tu.

Kwa miaka saba simu ile ndiyo ilikuwa mlango wetu wa kurudi nyumbani. Mtu wa uhamishoni anaelewa tunachosema. Sisi harusi tunahudhuria kwa simu, na misiba tunahudhuria kwa simu. Shangazi yetu alipofariki, mama aliiegemeza simu dirishani, tukaona jeneza linatoka uani mpaka linakunja kona. Hatukushika mchanga, lakini tuliona.

Kisha ikafika tarehe 24 Oktoba 2023. Siku hiyo WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu zote za Android zenye toleo la chini ya 5.0. Simu ya mama ilikuwa na toleo la 4.4, na kiwanda kilichoitengeneza kilikuwa kimeacha kuipelekea toleo jipya zamani sana. Tulipompigia kwa laini ya kawaida alisema, "Mwanangu, inaniambia nibadilishe, nikibonyeza inakataa." Kijana wa jirani akaipeleka kwa fundi Ngamiani. Fundi akaifungua, akaitazama, akamrudishia bila kumtoza hata senti. Alisema simu ni nzima, haina ubovu wowote, ila imeachwa.

Imeachwa! Katika wiki zile mjomba wetu akafariki. Tulisikia kilio kupitia laini ya kawaida mpaka salio likakatika. Kuona, hatukuona.

Tulitafuta wa kumlaumu, na wa kwanza tuliyempata alikuwa ni sisi wenyewe. Mwaka 2016 sisi, wajuzi wa simu tunaojua kila kitu, tulimtumia mama kitu ambacho saa yake ya mwisho ilikuwa imeshaanza kuhesabiwa. Tuliangalia kamera na kioo. Hatukuuliza swali la maana kuliko yote: simu hii imebakiza miaka mingapi?

Zamani swali hilo halikuwepo. Nokia 3310 ilipotoka mwaka 2000, na Nokia 1100 yenye tochi ilipotoka mwaka 2003, mtu alinunua kitu kikawa chake. Ile 1100 iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na mpaka leo hakuna aliyelala akaamka akaambiwa imefungwa na mwenye kiwanda. Ilikufa kwa kuanguka kisimani au kwa kuliwa na kutu. Lakini tangu Steve Jobs alipoionyesha iPhone ya kwanza Januari 2007, simu imekuwa kitu kingine. Unainunua, unaitia mfukoni, lakini uhai wake umebaki mikononi mwa kampuni. Kampuni ndiyo inayoipelekea, kupitia mtandao, marekebisho ya programu zake, yaani masasisho. Siku ikiacha kuyapeleka, simu inaanza kufa polepole hata kama kioo chake kinang'aa kama siku ya kwanza.

Wengi wetu tunadhani masasisho ni urembo, eti kubadilisha rangi na alama. Hapana. Kazi yake kubwa ni kuziba matundu ambayo wezi na wadukuzi wameyagundua. Sisi waandishi wa habari tumelijifunza hili kwa hofu. Septemba 2021 Apple ilibidi itoe sasisho la dharura baada ya watafiti wa Citizen Lab, wa Chuo Kikuu cha Toronto, kugundua tundu lililotumiwa kuingiza programu ya ujasusi ya Pegasus kwenye simu ya mtu bila yeye kubonyeza chochote. Aliyesasisha simu yake aliziba tundu lile. Ambaye simu yake ilikuwa imeshaachwa, aliziba kwa nini?

Na msije mkasema hayo ni mambo ya waandishi na wanasiasa. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwezi wa Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, fedha za mama zetu zinakaa kwenye simu. Hela ya dawa tunayotuma ijumaa jioni inaingia humo humo. Kumpa mzazi simu iliyoachwa na kiwanda ni sawa na kumjengea nyumba nzuri halafu ukamwachia mlango usiofungika.

Hebu sasa tuitazame betri. Kila betri ya lithiamu huchoka. Hilo ni jambo la maumbile, hakuna wa kulaumiwa. Lakini Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa inazipunguza kasi iPhone za zamani zenye betri zilizochoka, kwa maelezo kwamba ilitaka zisizimike ghafla. Kosa lake kubwa lilikuwa kutowaambia wenye simu. Watu walidhani simu zimekwisha, wakanunua mpya, kumbe dawa ilikuwa ni betri tu! Kampuni iliomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri Marekani kutoka dola 79 hadi dola 29. Februari 2020 Ufaransa ikaitoza faini ya euro milioni 25. Tuwe waadilifu lakini: kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyoipatia iPhone 6s ya mwaka 2015 matoleo mapya ya mfumo kwa muda mrefu, mpaka ikaja kuachwa Septemba 2022 lilipotoka toleo la 16. Kampuni nyingi wakati ule zilikuwa zinatoa miaka miwili, na nyingine hata hiyo haikutimia.

Kwenye saa hizi za kisasa, zinazoitwa saa janja, mambo ni mabaya zaidi. Apple ilipoanza kuuza saa yake Aprili 2015, kulikuwa na toleo la dhahabu lililouzwa kuanzia dola 10,000 hadi dola 17,000. Bei ya nyumba kwa baadhi yetu. Septemba 2018 likatoka toleo jipya la programu ya saa, na saa zote za kizazi cha kwanza zikaachwa nje, ya dhahabu ikiwa mojawapo. Miaka mitatu na ushei! Dhahabu ya bibi yako aliyoipata kwa babu mpaka leo ni dhahabu. Ile ya dola 17,000 moyo wake ulikuwa chipu, na chipu ilikuwa imeshazeeka.

Kulikuwa pia na saa iitwayo Pebble, ambayo sisi tuliipenda sana. Mwaka 2012 watu wa kawaida waliichangia kupitia Kickstarter zaidi ya dola milioni 10. Betri yake ilikaa siku kadhaa, na kioo chake kilisomeka juani. Desemba 2016 kampuni ikafungwa, mali zake zikachukuliwa na Fitbit, na katikati ya mwaka 2018 mitambo ya mtandao iliyokuwa inaihudumia ikazimwa. Wapenzi wake wenyewe ndio walioendelea kuifufua kwa kujitolea. Saa ilikuwa nzima mkononi, ila aliyekuwa anaizungumzisha alikuwa ameondoka.

Kuhusu saa tunaongeza neno moja kwa wenzetu wa ughaibuni, kwa sababu tunaona mtindo unakua. Mtu ana baba mwenye kisukari au mama mwenye shinikizo la damu, anakwenda sokoni au anaagiza mtandaoni saa ya bei rahisi inayodai kupima kila kitu, anaituma nyumbani akiwa ameridhika kwamba ametimiza wajibu. Ndugu yetu, tahadhari! Februari 2024, idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari kwenye damu yenyewe kwa yenyewe bila kutoboa ngozi. Mgonjwa akiamini namba ya uongo anaweza kuzidisha dawa au kuiacha, na hapo hatuzungumzii tena teknolojia, tunazungumzia roho ya mtu. Hata kipimo cha oksijeni kwa mwanga kina hitilafu zake. Utafiti uliochapishwa Desemba 2020 katika jarida la New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba vipimo vya kidoleni vya hospitalini Marekani vilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Kama cha hospitali kinakosea juu ya ngozi yetu, cha sokoni je? Mtumie baba mashine ya kupimia sukari ya kutoboa kidole na vijiti vyake vya kutosha. Mtumie mama mashine ya presha ya kufunga mkononi. Saa janja mwachie kijana anayekimbia asubuhi kupunguza tumbo.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo penye habari njema na habari mbaya. Wenzetu wa Ulaya wameamka. Kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, simu mpya zinazouzwa katika Umoja wa Ulaya lazima zitumie chaja ya aina moja, ile ya USB-C. Kuanzia tarehe 20 Juni 2025, simu janja mpya zinazoingizwa katika soko hilo lazima zipewe masasisho kwa muda usiopungua miaka 5 tangu siku modeli hiyo inapoacha kuuzwa, na vipuri muhimu vipatikane kwa miaka 7. Hapa Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inamlazimisha mtengenezaji aseme wazi ni kwa muda gani atakuwa anaziba matundu ya usalama. Na kampuni zenyewe zimeanza kushindana. Google kwa Pixel 8 ya Oktoba 2023, na Samsung kwa Galaxy S24 ya Januari 2024, ziliahidi miaka 7. Hata Galaxy A16, simu ya bei ya chini iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2024, iliahidiwa miaka 6.

Hizo ndizo habari njema. Habari mbaya ni kwamba sheria hizi zinamlinda mnunuzi wa Brussels na Manchester. Anayeitumia simu hiyo miaka yake ya mwisho yuko Kariakoo, Luthuli Avenue, Darajani au Bukavu. Sisi huku tunaimaliza nyama, kule tunapeleka mfupa, na juu ya boksi hakuna palipoandikwa kwamba huu ni mfupa.

Tunajua tutakavyojibiwa. Tutaambiwa, "Nyinyi mnazungumza kizungu. Mtu wa kawaida anatafuta simu ya laki moja na nusu inayoshika laini mbili na kukaa na chaji siku mbili. Miaka saba ya masasisho ataila?" Hoja hii ina uzito, na hatuidharau. Tecno, Itel na Infinix zimeingia kila kijiji kwa sababu waliowatengenezea watu wetu simu waliwasikiliza: laini mbili, betri kubwa, kamera inayojua ngozi nyeusi ikoje. Kampuni nyingi kubwa hazikujali hayo kwa miaka. Na mtu mwenye laki moja na nusu hawezi kuambiwa asubiri apate milioni.

Lakini hebu tupige hesabu ya dukani. Tuchukue mfano wa simu mpya ya pauni 150 itakayosasishwa miaka miwili. Hiyo ni pauni 75 kwa mwaka. Simu iliyotumika ya pauni 250, lakini bado ina miaka minne mbele yake, ni kama pauni 62 kwa mwaka. Na ile simu ya kifahari ya zamani inayouzwa pauni 100, tunayoikimbilia kwa sababu ya jina lake, kama imeshaachwa basi bei yake kwa mwaka haipigiki hesabu, maana hakuna mwaka. Rahisi ni ghali, walisema wahenga, na wala hawakuwahi kuona simu.

Kuna na jingine. Kila simu inayotupwa mapema inadai nyingine ichimbwe. Ndani ya simu hizi mna madini ya tantalamu yanayotokana na koltani, na sehemu kubwa ya koltani inatoka mashariki ya Kongo, kwa ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili hiki hiki tunachokiandika. Machimbo ya Rubaya, Kivu ya Kaskazini, yaliangukia mikononi mwa M23 mwaka 2024, na kwa makadirio yaliyotolewa na maafisa wa Umoja wa Mataifa yanatoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia. Hatusemi kwamba ukikaa na simu yako miaka sita vita vitakwisha Masisi. Tunasema tu kwamba anayebadilisha simu kila mwaka asijifanye hajui inatoka wapi.

Kwa hiyo tunasema nini? Kwa wakubwa wa mawasiliano nyumbani tuna ombi moja. Kenya mwaka 2012, na Tanzania mwezi wa Juni 2016, mlizizima simu bandia, na wananchi wakaambiwa ni kwa faida yao. Vizuri. Basi kama mliweza kuizima simu ya mwananchi, mnashindwa nini kumtaka mwingizaji aandike juu ya boksi, kwa Kiswahili, tarehe ambayo masasisho ya simu hiyo yatakoma? Kopo la maziwa lina tarehe. Dawa ya kikohozi ina tarehe. Simu iliyobeba fedha za mtu, picha za watoto wake na sauti za jamaa zake, haina. Hili halihitaji bajeti wala mkopo. Linahitaji mhuri tu.

Kwa sisi tulio nje, tunaotuma, tunajiwekea masharti haya, na tunawaomba wenzetu wayafuate.

Kwanza, kabla ya kununua, itafute modeli yenyewe kwenye tovuti ya kampuni, uangalie masasisho yake yanakoma lini. Miaka huhesabiwa tangu modeli ilipotoka, si tangu siku uliyolipa. Kama imebakiza chini ya miaka mitatu, iache.

Pili, badilisha betri kabla ya kutuma. Huku fundi yupo na betri ya asili inapatikana. Kule mama atauziwa yenye jina la asili.

Tatu, angalia tundu la laini. iPhone zinazouzwa Marekani tangu iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina mahali pa kuchomeka laini kabisa, zinatumia laini ya ndani ya simu. Kwenye iPhone 17, mwaka 2025, mtindo huo umefika Oman, Imarati na nchi nyingine za Ghuba. Ukimtumia mzee, atakaa na laini yake mkononi akiizungusha simu huku na huku akitafuta tundu.

Nne, toa akaunti yako kwenye simu kabla haijapanda ndege. Simu iliyofungwa kwa akaunti ya mtu aliye Birmingham ni kigae tu ikifika Tanga, na fundi anayeheshimu kazi yake hataigusa akidhani ni ya wizi.

Tano, kama uwezo ni mdogo, na kwa wengi wetu ni mdogo, tuma simu moja nzuri badala ya tatu mbovu. Ndugu watakasirika mwezi mmoja, watashukuru miaka mitano.

Mama yetu sasa ana simu nyingine. Safari hii tuliinunua mpya, ya bei ya kati, tukaandika kwenye karatasi tarehe ambayo masasisho yake yatakoma, tukaibandika nyuma ya mlango wa kabati letu hapa, pembeni ya tarehe za kulipa kodi ya nyumba. Yeye hajui. Anachojua ni kwamba kila jioni anatuona, anatuuliza kama tumekula, na anatukumbusha kwamba mvi zimezidi. Kaburi la mjomba wetu alituonyesha kijana wa jirani mwezi uliofuata, kwa simu hiyo hiyo mpya, likiwa limeshaota majani.

Wasomaji wetu, kabla hujafunga hilo boksi la kwenda nyumbani, likague. Mwenye macho haambiwi tazama.